Mteja naye ni mwalimu: kazi za wanafunzi wa ufundi Butembo na Beni

Kiswahili kina familia ya maneno ambayo sisi tunaosoma lugha huipita kila siku bila kuisimamisha: fundi, ufundi, kufunda, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi. Shina lao ni moja. Katika mpangilio huo fundi na mwanafunzi ni ndugu. Mmoja ameshafundwa, mwingine bado anafundwa, na kinachowatenganisha ni muda na mazoezi. Shule za sekondari za ufundi, hapa Butembo na kule Beni, zimewaweka ndugu hao chini ya paa moja. Ninataka kuuliza kama kweli zinawaacha wakutane.

Jambo ninaloliandikia si geni kwa mkazi wa miji hii. Shule yenye sehemu ya useremala hupokea oda za milango, viti na madawati. Wasichana, na siku hizi wavulana pia, wanaosoma ushonaji hushona sare na nguo za sherehe. Wa ujenzi huitwa kusimamisha ukuta, wa umeme huvuta nyaya katika nyumba ya jirani, wa mekanika hufungua injini ya pikipiki iliyogoma. Wazazi wanafurahi, shule inapata chochote, na mji unahudumiwa na watoto wake. Ninaliunga mkono jambo hili bila kusitasita.

Hata hivyo, naona tunalifanya nusu. Tunamletea mwanafunzi kazi ya mteja, lakini mteja mwenyewe tunamzuia mlangoni. Yeye huishia ofisini kwa prefe au kwa mkuu wa atelie. Huko ndiko bei inakopangwa, vipimo vinakotajwa na ahadi zinakotolewa. Mwanafunzi anakuta ubaoni maneno machache: mlango, mita mbili kwa sentimita tisini. Anapiga randa, anaunga, anapaka rangi. Siku mbili baadaye mlango haupo. Hajui umekwenda nyumba gani, umeuzwa kiasi gani, wala kama mvua ya kwanza imeupindisha. Amejifunza kutengeneza mlango, lakini hajajifunza kumtengenezea mtu mlango, na hayo ni masomo mawili.

Tuanze na hali ya shule zenyewe, maana haina haki kuzilaumu kabla ya kutazama mfuko wao. Katika mfumo wetu wa sasa mtoto humaliza miaka minane ya elimu ya msingi, kisha huingia humanite kwa miaka minne. Anayechagua ufundi hupimwa mwishoni kwa mtihani wa serikali kama wenzake wote, na juu yake hukaa mbele ya jury ya mazoezi ya kazi aonyeshe mikono yake inajua nini. Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ilihusu shule za msingi. Kwenye humanite ya ufundi mzazi bado anatoa minervali, na somo lenyewe lina gharama ambazo somo la historia halina: mbao, vitambaa, nyaya, vyuma, mafuta ya jenereta. Mwanafunzi wa kuchomelea asipochoma chuma hajasoma. Kwa hiyo atelie inatafuta oda ili iweze kununua vifaa vya kufundishia. Sababu hiyo ni halali kabisa.

Lakini sababu halali inaweza kuzaa mazoea mabaya, na majirani zetu wamekwisha kupita njia hii. Mwaka 1967 Julius Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule ya Tanzania iwe pia mahali pa uzalishaji ambapo mwanafunzi anafikiri na kuamua huku akifanya kazi. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika shule nyingi lilipungua likawa jembe na shamba la shule: watoto walilima, na hakuna aliyewaeleza hesabu ya mavuno. Kule Botswana, Patrick van Rensburg aliyeanzisha shule ya Swaneng Hill katika mji wa Serowe mwaka 1963, alianzisha miaka miwili baadaye kikosi cha vijana wajenzi. Vijana waliomaliza shule ya msingi walijifunza kujenga kwa kujenga kweli, na malipo ya majengo yalisaidia kugharimia mafunzo yao. Vikosi vikaongezeka, vya maseremala, vya washonaji, vya wakulima. Navyo vilikuta mvutano uleule: oda zikiwa nyingi na fedha zikihitajika haraka, ni rahisi kumwacha kijana arudie kazi aliyokwisha kuijua badala ya kumfundisha asiyoijua. Anayetengeneza dawati la hamsini kwa mkono uleule ameacha kuwa mwanafunzi, na mshahara bado hapati.

Dawa ya mvutano huo, kwa maoni yangu, ni mteja. Mtu aliyesimama mbele yako na fedha zake mkononi anafundisha mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaandika ubaoni. Chukua mlango uleule. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za udongo na miti, na tundu la mlango halina kona nne zinazolingana. Mwanafunzi anayekwenda kupima mwenyewe hugundua kwamba juu kuna sentimita tisini na chini themanini na saba. Atajifunza kupima mahali patatu na kushika kipimo kidogo. Mteja atamwambia anataka mbao za bei nafuu, nazo ni za mkaratusi uliokatwa juzi. Hapo kijana analazimika kueleza, kwa maneno ambayo mtu mzima atayaelewa na kuyakubali, kwamba mbao mbichi hukauka ikiwa tayari mlangoni, ikapinda, na mlango ukagoma kufunga. Akishindwa kueleza, lawama ya kesho ni yake.

Au chukua umeme. Butembo imeishi miaka mingi nje ya mtandao wa taifa wa SNEL, ikitegemea jenereta, mitambo midogo na paneli za jua. Kituo cha umeme wa maji cha Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori katika eneo la Beni, kilianza kazi mwaka 2013, na vingine vimefuata mkoani. Kila nyumba inayopata umeme inahitaji mtu wa kuvuta nyaya, na kila duka lenye paneli lina mwenyewe anayetaka kuwasha friji kwa betri inayotosha taa tatu. Kumwambia mama huyo kwamba haitawezekana, kumwonyesha kwa nini, na kumpa njia nyingine bila kumdharau ni ufundi. Hauwezi kujifunzwa kwa nyaya zilizogongwa kwenye ubao wa atelie.

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi watu wa lugha. Mwanafunzi wa ufundi anasoma kwa Kifaransa. Daftarini mwake kuna “charnière”, “rabot”, “équerre”, “niveau”. Kiswahili kina bawaba, randa, pembemraba, pima maji, lakini maneno hayo hakufundishwa. Mteja wake anaongea Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, na mara nyingi naye hana jina la kile anachokitaka. Ananyoosha kidole na kusema “ile chuma inayogeuza mlango”. Kisha anapewa devi, ile hesabu ya vifaa na kazi, na devi imeandikwa kwa Kifaransa. Anaitazama chini, kwenye jumla, kwa sababu tarakimu ndizo pekee zinazomwambia kitu. Anakubali jambo asilolisoma, kutoka kwa kijana asiyejua kulieleza. Ugomvi ukitokea, kila mmoja anakumbuka maneno yake, na karatasi haimsaidii yeyote.

Miji hii ilijifunza kwa uchungu kwamba lugha ni sehemu ya huduma. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ukapita Beni, Butembo na Katwa, ulidumu hadi 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Katika miezi ya kwanza ujumbe mwingi ulikuja kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabuni ambacho bibi wa kijijini hakukitambua kuwa chake. Watu waliona magari na mavazi, hawakuelewa maelezo, na pengo hilo likajazwa na uvumi. Sitaki kulinganisha mlango na ugonjwa. Ninasema tu kwamba mtu asiyeelezwa kwa lugha yake hubaki na shaka hata anapohudumiwa vizuri.

Ninapendekeza basi mambo matatu, yote yanayoweza kuanza muhula ujao bila kungoja fedha kutoka Kinshasa.

La kwanza ni karatasi ya kazi. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mteja anakielewa, pamoja na maneno ya Kinande pale yanapohitajika. Uandike kinachotengenezwa, vipimo vyake, nani analeta vifaa, bei ya vifaa na bei ya kazi zikiwa mbalimbali, siku ya kumaliza, na muda ambao shule itarekebisha kasoro bila malipo. Uwe na majina matatu: la mteja, la mwanafunzi au wanafunzi waliofanya, na la mwalimu aliyekagua. Nakala tatu, mmoja moja. Sote tunamjua fundi wa “njoo kesho”. Tarehe iliyoandikwa na kusainiwa mbele ya mteja ni somo la uaminifu kuliko hotuba nyingi za asubuhi. Tena mwanafunzi anayeziweka nakala zake kwa miaka minne ataondoka shuleni na bahasha ya kazi zinazotambulika. Hiyo aionyeshe kwa jury, aionyeshe kwa mwajiri, aionyeshe kwa mteja wa kwanza wa atelie yake mwenyewe.

La pili ni fungu linalojulikana. Tuseme mlango umeuzwa dola 60, vifaa vikiwa dola 40 na kazi dola 20. Shule iamue mapema, na ibandike ukutani, kwamba katika hizo 20, kumi ni za zana na matengenezo ya atelie, sita ni za waliofanya kazi, na nne zinaingia katika mfuko wa kulipia minervali ya wanafunzi wasio na uwezo. Viwango vinaweza kuwa vingine. Sing’ang’anii hesabu hii. Ninachong’ang’ania ni ukuta. Kijana anayesoma ukutani fedha zilikokwenda anajifunza hesabu za biashara na pia kwamba kazi yake ina thamani. Asiyeona chochote anajifunza kwamba wakubwa hula kimya kimya, na siku atakapokuwa mkubwa atafanya vivyo hivyo.

La tatu ni mipaka. Kazi ya nje isile saa za masomo mengine. Waya usiguswe nyumbani kwa mtu bila mwalimu kuwapo, wala umeme usiwashwe kabla hajakagua, kwa kuwa kosa la seremala huvuja mvua na kosa la fundi umeme huchoma nyumba. Mwanafunzi asirudishwe kwenye kazi ileile baada ya kuimudu, labda awe anamfundisha mdogo wake wa darasa la chini. Na asiye na oda asinyimwe mazoezi.

Najua yatakayojibiwa. Wengine watasema hii ni njia ya kuwatumikisha watoto kwa jina la elimu. Hofu hiyo naiheshimu, ndiyo maana nimeanza na jina, fungu na mipaka. Utumikishaji hukua mahali pasipo na maandishi. Hali ya sasa, ambapo oda inaingia na kutoka bila mwanafunzi kujua kitu, iko karibu zaidi na utumikishaji kuliko ninachokipendekeza.

Wengine, na hoja yao ni nzito zaidi, watasema kwamba mafundi wa mtaani watanyang’anywa riziki. Seremala wa Mususa au mshonaji wa Mulekera analipa kodi ya nyumba na ada za watoto, wakati shule ina jengo na mikono isiyolipwa mshahara. Shule ikiuza kwa nusu ya bei ya soko, itakuwa imemfunga yule ambaye wanafunzi wake watamwomba staji mwaka wa mwisho. Kwa hiyo bei ya kazi ya shule isishuke chini ya ile ya mtaa. Nafuu kwa mteja itoke kwenye muda mrefu wa dhamana, au itolewe tu kwa wale ambao fundi wa mtaani hawezi kuwahudumia kwa sababu hawana cha kumlipa: kituo cha afya chenye madirisha yasiyofunga, shule ya msingi ambayo watoto wake wanakaa kwenye matofali, mjane, familia iliyohama. Na mafundi hao waalikwe ndani ya atelie. Wengi wao hawana diploma, lakini wana miaka ishirini ya kuongea na wateja, nalo ndilo somo linalokosekana kwenye programu.

Familia zilizohama nimezitaja kwa makusudi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewatoa watu mashambani kuzunguka Beni, Oicha, Mbau na Eringeti. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi, na vita vilivyofika hadi Lubero mwaka 2024 vimeleta wengine Butembo kutoka kusini. Mtu anayeanza maisha upya katika chumba cha kupanga anahitaji kitanda, mlango unaofunga, taa moja, sare ya mtoto. Upande wa pili yuko kijana wa miaka kumi na minane mwenye diploma ya ufundi na asiyejulikana na mtu yeyote. Mbele yake kuna pikipiki ya mkopo, kuna machimbo ya dhahabu, kuna kundi la silaha linalogawa heshima kwa bei rahisi. Sitadai kwamba karatasi ya kazi itamaliza vita. Lakini kijana ambaye mitaa mitatu inamwita kwa jina kwa sababu aliitengenezea milango ana kitu cha kupoteza, naye ana sababu ya kubaki. Hilo ndilo linaloifanya hoja hii isiwe ya atelie peke yake.

Nchi yetu ya milima ina mazoea ya kujijengea bila kungoja. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa kwa barabara ambazo waumini walizichimba kwa majembe yao, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilizaliwa mwaka 1989 katika moyo huohuo. Watu wa pwani, wanaotazama majahazi, husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi hatuna majahazi, tuna chukudu, ule mkokoteni wa mbao unaobeba magunia ya viazi mteremkoni, uliobuniwa na mikono ambayo haikuingia shule yoyote ya ufundi. Ukiuona unashuka na mzigo wake bila kuvunjika, jua kuna mtu aliyezungumza na wabebaji akajua wanabeba nini.

Inabaki sehemu yetu, sisi wa kitivo cha lugha. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili, kimoja cha lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya 2006, kinaachwa nje ya sayansi na kazi. Atelie iko mwendo wa dakika kumi kutoka madarasa yetu. Tunaweza kwenda Jumamosi, wawili wawili, na daftari. Tukusanye maneno ya seremala, ya mshonaji, ya mchomeleaji: wanavyosema wao, wanavyosema wateja, wanavyoandika walimu kwa Kifaransa. Tukae na wanafunzi wa ufundi tuandike pamoja ile karatasi ya kazi, tuisome kwa sauti mbele ya mama muuza mkaa, na kila neno litakalomsimamisha tulibadilishe. Kazi hiyo ingefaa kuwa zoezi la mwaka la kozi ya istilahi, nayo ingekuwa na faida kuliko orodha za maneno tunazozikariri kisha kuzisahau.

Hakuna anayeombwa kuacha Kifaransa. Mtihani utabaki kwa Kifaransa, na mwanafunzi ataandika “charnière” palipo na swali la “charnière”. Lakini anayeweza kuieleza bawaba kwa Kiswahili kwa mtu asiyewahi kuisikia, akataja bei yake, akaahidi siku na kuitimiza, huyo ameielewa mara mbili. Shule zetu tayari zina mikono na oda. Zimruhusu mteja apite langoni aketi na mwanafunzi, na katikati yao iwepo karatasi ambayo wote wawili wanaweza kuisoma.